Umelipa, Kisha Duka Linasema Bidhaa Imeisha

SWALI: Mshauri, salamu kutoka Bondeni, Nakuru. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Mwezi wa Novemba niliagiza mashine ya ovaloki, ile ya kushonea kingo za nguo, kwenye duka moja la mtandaoni kwa shilingi 34,500. Ukurasa wa mashine hiyo uliandikwa kwamba ipo na kwamba ningeletewa ndani ya siku tano. Nililipa papo hapo kwa M-PESA. Tangu siku hiyo akaunti yangu imekuwa ikionyesha “agizo linashughulikiwa”, hadi wiki sita zilipopita ndipo nikapata ujumbe kwamba bidhaa imeisha, na kwamba ninaweza kungoja mzigo mpya au kupokea kuponi ya thamani hiyohiyo. Siku mbili baadaye niliiona mashine ileile katika duka lilelile ikiuzwa kwa shilingi 41,000. Shule zilipofungua nililazimika kumlipa fundi mwenzangu anipigie ovaloki kingo za sare zote nilizoshona. Je, duka lina ruhusa ya kufanya hivi? Na hasara yangu nitaidai kwa nani?

JIBU: Dada yangu, pole kwa usumbufu huo, na uhifadhi kila ujumbe uliotumiwa. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu barua yako imekusanya mambo ambayo wasomaji wengine huyauliza moja moja.

Tuanze na malipo yenyewe. Hakuna sheria nchini Kenya inayomkataza muuzaji kudai alipwe kabla ya kuleta bidhaa. Kosa la duka hilo haliko katika kupokea pesa mapema, bali katika kusema kwamba mashine ipo ilhali haikuwepo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 imeorodhesha aina za maelezo ya uongo ambayo mfanyabiashara hapaswi kuyatoa, na mojawapo ni kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa inapatikana au inaweza kuletwa, huku mfanyabiashara akijua, au akipaswa kujua, kwamba sivyo. Maneno hayo “akipaswa kujua” ndiyo silaha yako. Huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliketi ofisini akapanga kukulaghai. Inatosha kuonyesha kwamba muuzaji mwangalifu angehesabu mashine zilizobaki ghalani kabla ya kutangaza kwamba zipo. Maduka mengi hujitetea kwa kusema kwamba mfumo wa kompyuta ulichelewa kusasishwa. Utetezi huo haunishawishi hata kidogo, kwa sababu sijasikia mfumo wa namna hiyo ukichelewa kupokea pesa.

Pili, kuna suala la muda. Muuzaji anapotaja siku ya kuleta bidhaa, ahadi hiyo ni sehemu ya mapatano, na sheria hiyohiyo humruhusu mnunuzi kuyavunja mapatano ikiwa siku 30 zimepita baada ya siku iliyoahidiwa na bidhaa haijafika. Wewe uliahidiwa siku tano, na duka lilikuandikia baada ya wiki sita, kwa hiyo muda huo ulikuwa umekwisha kabla hata hujapokea ule ujumbe wa kwamba mashine imeisha. Isitoshe, mapatano yanayofanywa kupitia intaneti yana masharti yake: muuzaji anapaswa kukupa maelezo muhimu kabla hujakubali, akupe nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, kisha akupe nakala ya mapatano kwa maandishi. Asipotoa maelezo hayo au nafasi hiyo, unaweza kuvunja mapatano hadi siku saba baada ya kupokea nakala. Na asipotoa nakala kabisa, una siku 30 tangu mlipopatana. Kwa upande wako siku hizo 30 zimepita, kwa hiyo tegemea hoja ya kucheleweshewa bidhaa, ambayo peke yake inatosha.

Tatu, kuponi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Ulitoa pesa, na pesa hizo zilikuwa za mashine. Mashine isipopatikana, duka linabaki na pesa zako mkononi, nawe unalidai pesa hizo. Kuponi ni mapatano mapya ambayo duka linakuomba uyakubali, yaani ukubali kununua kitu kingine kwao siku nyingine, kwa bei watakayoipanga wao, mara nyingi kabla ya tarehe fulani ya mwisho. Hulazimiki kuyakubali. Wakikuonyesha kwamba masharti ya duka yanasema malipo hurudishwa kwa kuponi pekee, wajibu kwamba haki zilizotolewa na Sheria ya mwaka 2012 hubaki palepale hata kama mapatano yanasema vingine. Kwa hiyo usibonyeze “Nakubali” kwenye ujumbe wao, wala usianze kuitumia kuponi hiyo hata kwa kununua uzi, kwa sababu ukishaitumia watasema uliridhika.

Sasa tuje kwenye ile bei ya shilingi 41,000, ambayo naona ndiyo iliyokuchoma zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humruhusu mnunuzi ambaye hakuletewa bidhaa kudai fidia, na pale ambapo bidhaa ya aina hiyo inapatikana sokoni, kipimo cha kawaida cha fidia ni tofauti kati ya bei mliyopatana na bei ya soko wakati bidhaa ilipopaswa kuletwa. Zingatia kwamba kipimo ni bei ya soko ya wakati ule, si bei yoyote utakayoipata leo. Bei mpya ya duka lenyewe ni ushahidi mzuri, lakini usiutegemee peke yake. Pita kwenye maduka ya cherehani ya hapo mjini, uombe bei ya mashine ya aina hiyohiyo kwa maandishi yenye muhuri wa duka na tarehe, na ueleze kwamba unataka bei iliyokuwepo mwezi wa Novemba. Ikiwa bei ya soko ilikuwa shilingi 41,000, basi una dai la shilingi 6,500 juu ya zile 34,500 ulizolipa.

Tahadhari moja: duka likikurudishia pesa huku likikutaka utie sahihi au ujibu ujumbe unaosema kwamba umelipwa na huna dai lolote lingine, usikubali kwa haraka. Pokea pesa zako, lakini uandike kwamba unazipokea bila kuachilia dai lako la tofauti ya bei.

Kuhusu malipo uliyompa fundi mwenzako, sitakupa matumaini makubwa. Mahakama zetu bado hufuata kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1854 katika kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale. Wenye kinu cha kusaga nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa mtaimbo wa injini ya mvuke, yaani chuma kinachozunguka kuendesha kinu, wakamkabidhi mchukuzi aupeleke kwa mafundi ili utumike kama kielelezo cha kutengenezea mwingine. Mchukuzi akachelewa, kinu kikasimama, na wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Hawakuipata, kwa sababu mahakama iliona kwamba mchukuzi hakuwa ameelezwa kwamba kinu kizima kilikuwa kikingojea mtaimbo huo. Kwako wewe swali litakuwa lilelile: je, wakati wa kuagiza uliwaandikia, labda kwenye sehemu ya maelezo au katika mazungumzo na mhudumu wa wateja, kwamba mashine ni ya kushonea sare za kufungua shule? Ikiwa uliandika, ongeza dai hilo pamoja na risiti za fundi mwenzako. Ikiwa hukuandika, liache, lisije likadhoofisha madai yako yaliyo imara.

Hatua ya kwanza ni barua ya madai, nayo iwe fupi. Mathalani: “Tarehe fulani nililipa shilingi 34,500 kwa agizo nambari fulani. Mliahidi kuleta mashine ndani ya siku tano. Siku 30 zimepita baada ya siku hiyo na sijaletewa chochote. Ninavunja mapatano na sitaki kuponi. Nirudishieni shilingi 34,500 kwa nambari ya simu niliyolipia, pamoja na shilingi 6,500 ambazo ni tofauti ya bei, ndani ya siku 14.” Usiongeze matusi, wala usieleze jinsi ulivyokosa usingizi. Itume kwa baruapepe, kwa sababu mazungumzo ya dirisha la gumzo kwenye tovuti mara nyingi hufutika, na uipige picha ya skrini baada ya kuituma. Ambatisha ujumbe wa M-PESA wenyewe. Katika ujumbe huo kuna jina la aliyepokea pesa, na jina hilo mara nyingi si lile linalong’aa kwenye tovuti. Ukifika mahakamani utahitaji jina la usajili, kwa hiyo tafuta taarifa za kampuni hiyo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hati iitwayo CR12 hukuonyesha jina kamili la kampuni na wakurugenzi wake.

Siku ulizowapa zikipita kimya, una njia mbili, na unaweza kuzifuata zote. Ya kwanza ni kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ina uwezo wa kuwachunguza wafanyabiashara wanaotoa maelezo ya kupotosha. Njia hii inafaa zaidi pale ambapo duka limewafanyia wengi jambo lilelile, na ndiyo maana nakushauri utafute wanunuzi wengine waliokwama na mwandike pamoja.

Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo bora kwa dai lako, ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo Nakuru ipo. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa na ya pesa zinazoshikiliwa na mtu asiyestahili kuzishikilia. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na mwamuzi hafungwi na zile kanuni kali za ushahidi zinazowatisha watu katika mahakama nyingine. Picha za skrini, ujumbe wa M-PESA, barua ya madai na zile bei ulizoandikiwa mjini ndivyo vitu utakavyoweka mezani. Duka likisema kwamba makao yake ni Nairobi na kwamba ulipaswa kushtaki huko, jibu kwamba mashine ilipaswa kuletwa Nakuru, na ni Nakuru ambako ahadi ilivunjwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa upigaji picha mjini Kisumu. Niliagiza lenzi ya kamera kutoka duka moja la Marekani kwa kutumia kadi yangu ya benki. Pesa zilitoka siku hiyohiyo. Baadaye duka liliandika kwamba lenzi imeisha na agizo limefutwa, lakini pesa hazijaonekana. Duka linasema halikuchukua kitu. Benki nayo inasema duka ndilo linalozishikilia. Nani anasema kweli?

JIBU: Mwalimu, huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa kipande chake. Malipo ya kadi huwa na hatua mbili. Kwanza duka huiuliza benki kama pesa zipo, na benki ikajibu ndiyo kisha ikakizuia kiasi hicho ili usikitumie kwa jambo jingine. Pesa bado ziko kwenye akaunti yako, ila huwezi kuzigusa. Hatua ya pili ni duka kuzidai rasmi, na maduka makini hufanya hivyo siku wanaposafirisha bidhaa. Agizo likifutwa kabla ya hatua ya pili, duka halijapokea kitu na halina cha kurudisha. Kinachotakiwa ni zuio liondolewe, ama duka lilighairi kupitia benki yake, ama muda wake uishe wenyewe. Kwa mwenye kadi ya mkopo jambo hili ni kero ndogo. Kwa mwenye kadi ya akaunti ya kawaida, ambayo humo humo ndimo mshahara unamopita, ni karo na kodi ya nyumba zilizozuiliwa.

Kwa hiyo nenda kwenye tawi lako, usipige simu tu, na uulize swali moja: je, muamala huu umezuiwa tu au umekwisha kulipwa? Ukiwa umezuiwa, waonyeshe baruapepe ya duka inayosema kwamba agizo limefutwa na uombe zuio liondolewe. Ukiwa umelipwa, basi duka limezichukua pesa, na hapo dai urejeshaji kupitia mtandao wa kadi. Kanuni za Visa na Mastercard zinamruhusu mwenye kadi kupinga malipo ya bidhaa ambayo hakuletewa au ambayo hakurudishiwa pesa zake. Muda wake kwa kawaida ni siku 120, na kwa bidhaa ambazo hazikufika huhesabiwa kuanzia siku zilipotarajiwa. Anayewasilisha pingamizi hilo ni benki yako, kwa hiyo karani asikuambie kwamba hayo ni mambo yako na duka. Benki ikikataa kukusikiliza, lalamika kwa maandishi kwa utaratibu wake wa malalamiko kwanza, kisha upeleke jambo hilo Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi hapo Kisumu.

Unapoliandikia duka lenyewe, unaweza pia kuwakumbusha sheria ya kwao. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa na kanuni ya mauzo ya mbali tangu mwaka 1975, ambayo leo inataja intaneti waziwazi. Muuzaji lazima awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba atasafirisha bidhaa kwa wakati alioutaja, au ndani ya siku 30 ikiwa hakutaja wakati. Akichelewa anapaswa kumwomba mnunuzi ridhaa, na bila ridhaa hiyo afute agizo na arudishe pesa. Kwa malipo ya kadi ya Visa au Mastercard muda wa kurudisha ni siku saba za kazi. FTC haiamui mabishano ya mnunuzi mmoja mmoja, lakini kuitaja kanuni hiyo huonyesha kwamba hubahatishi.

SWALI: Nipo Kakamega. Nilinunua friji kwa muuzaji anayetangaza kwenye Facebook, nikatuma shilingi 18,000 kwa nambari yake ya simu. Sasa ananiambia friji ziliisha, na kila wiki ananiahidi kunirudishia. Nilipeleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba malipo ya M-PESA yarudishwe, bila mafanikio.

JIBU: Ndugu msomaji, huduma ya 456 ni ya mtu aliyekosea nambari. Wewe hukukosea, ulimtumia uliyekusudia kumtumia, na ndiyo sababu hukufanikiwa. Lililobaki ni kupambanua kama unashughulika na mfanyabiashara aliyeishiwa na bidhaa au na tapeli. Mwulize akutajie mahali lilipo duka lake na jina lake la usajili. Ukipewa anwani, na ukamtuma mtu akalikuta duka, mtumie barua ya madai kama ile niliyomwandikia dada wa Nakuru, kisha umshtaki katika Mahakama ya Madai Madogo. Lakini ukigundua kwamba picha za friji alizotangaza amezitoa kwenye tovuti nyingine, au kwamba watu wengine wamelipia friji ileile, hilo si suala la stoki tena. Kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka mitatu. Piga ripoti kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na usimtumie hata shilingi moja zaidi kwa kile atakachokiita gharama za kurudisha pesa.

Kwa siku zijazo, ni heri ulipe kwa nambari ya Till au ya Paybill ya biashara kuliko kwa simu ya mtu binafsi. Hilo halimzuii tapeli aliyekusudia, lakini humwachia mnunuzi jina la biashara la kuanzia.

SWALI: Niliagiza simu, nikaletewa ya aina nyingine hapa Bungoma, na mwenye bodaboda akaniambia kwamba niliyoagiza imeisha na kwamba hii ni bora zaidi. Naweza kuikataa?

JIBU: Ndiyo, hata kama kweli ni bora. Uliagiza simu uliyoichagua, na muuzaji hana ruhusa ya kukubadilishia bila ridhaa yako. Usivunje utepe wa kasha wala usiiwashe kuijaribu. Irudishe kwa mwenye bodaboda huyohuyo, umtake aandike kwenye karatasi ya mzigo kwamba imekataliwa na sababu yake, upige picha ya karatasi hiyo, kisha uliandikie duka siku hiyohiyo ukidai simu uliyoagiza au pesa zako zote. Nauli ya bodaboda ya kuirudisha ni juu ya duka.